Gusa Chuma Kwanza

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Chukua karanga kavu, ibane kwa vidole viwili mpaka ganda lipasuke, utakuwa umeisikia: ta. Haikuzidi hapo. Lakini ilitokea kati ya ncha ya kidole changu na sikio la mtoto mchanga. Mtoto akalia kwa mshangao, mama yake akamnyakua, nami nikabaki nimenyoosha mkono hewani kama mtu aliyesahau alichokuwa akiomba. Nimesikia sauti kubwa nyingi tangu siku hiyo, nyingine za kutikisa nyumba, na nimezisahau. Hiyo ta sijaisahau, wala sitaki.

Mtoto yule anaitwa Zuwena, na sasa ni bibi wa watu. Ndiye aliyenipigia simu juzijuzi kuniambia kwamba Bi Mwanaidi, bibi yake, ametutoka, na kwamba arobaini itasomwa pale pale nyumbani Soga. Nilifunga khanga zangu mbili, nikatoka Kisarawe mpaka Pugu, nikapanda hii treni mpya ya umeme. Nilikaa dirishani. Kila nguzo iliyopita niliiangalia juu, pale waya unaposhikiliwa na vile vikombe vilivyopangana kama sahani za chai, nikajikuta natabasamu. Kijana niliyekaa naye akaniuliza bibi anacheka na nani. Nikamwambia vile vikombe navijua, tulikuwa na ugomvi navyo zamani, tukapatana. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye simu yake. Sikumlaumu. Ningeanzia wapi kumweleza, na safari yenyewe siku hizi imekuwa fupi hata mazungumzo hayapati nafasi ya kukomaa?

Habari za kwetu Kurui naziacha, kila mtu ana za kwao. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na nilikuja Soga kukaa kwa Bi Mwanaidi na kufanya kazi kwenye kikundi cha akina mama alichokiongoza. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila kijiji kina shamba la pamoja, duka la pamoja, na akina mama wana kazi yao ya pamoja. Yetu ilikuwa mito. Misufi ilikuwepo tele upande wa bondeni, na wakati wa kiangazi makokwa yake yalipopasuka tuliyaokota, tukayabangua, tukachambua mbegu, tukajaza sufi kwenye foronya za kulalia wanafunzi wa bweni. Kazi ile haifanywi uwanjani. Sufi ni nyepesi kuliko moshi, upepo ukiingia kidogo tu kazi ya asubuhi nzima inahamia kwa jirani. Kwa hiyo tulifunga mlango na madirisha, tukakaa ndani ya chumba chenye paa la bati na jua limesimama juu yake. Kulikuwa kukavu mle hata midomo inapasuka. Wenzangu walikaa chini kwenye sakafu ya udongo, miguu wameinyoosha, vidole vyao vya miguu vyeupe kwa sufi. Mie nilikaa juu ya kigoda cha mti, na miguuni nilikuwa na viatu.

Lazima niviseme hivyo viatu. Vilikuwa vya plastiki, vyeupe, vya matundu, na kisigino kidogo cha kujidai. Nilivipenda kwa mapenzi yasiyo na adabu. Wengine waliacha kandambili zao kizingitini, mie niliingia navyo, na kwa kuwa nilikuwa mgeni na mdogo wao wote, Bi Mwanaidi aliniachia. Bi Chausiku, aliyekaa karibu na mlango na ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alisema nimevaa viatu vya harusi kwenye kazi ya kubangua makokwa, kwa hiyo bwana harusi lazima ni kokwa. Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na tabia moja iliyowafurahisha: kila mto niliojaza niliutajia mtu wa kuulalia. Huu atalalia daktari. Huu atalalia rubani, tena rubani mwanamke. Bi Chausiku aliubonyeza mto wangu akasema na huu atalalia mvivu, maana umeujaza nusu. Mchana tulifungua mlango, tukala muhogo wa kuchemsha kwa tui na dagaa, na chai ya mchaichai. Sufi iliingia kwenye tui, ikaelea, tukaila hivyo hivyo. Nadhani mwaka ule nilikula sufi kuliko nyama.

Tatu, binti yake Bi Mwanaidi, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua Zuwena, na kila alipochoka aliniita mimi. Mtoto akilia ananyamaza mikononi mwangu. Sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa naongea naye kama mtu mzima, namweleza mito ya leo ni ya akina nani. Na hapo ndipo palipokuwa na ndoto yangu kubwa, ile ambayo sikuisema kwa kelele. Kijiji kilikuwa kinataka kufungua kituo cha kulelea watoto, na msichana mmoja angechaguliwa kwenda kujifunza malezi chuoni, Kibaha. Akina mama ndio wangesema nani, na akina mama maana yake Bi Mwanaidi. Usiku nilikuwa najiona na kibao changu cha jina. Sikuwa na kitu kingine cha kuombea. Elimu yangu ilikuwa imeishia pale ilipoishia, na mlango uliobaki wazi ulikuwa huo mmoja.

Mwaka huo kitambaa cha marekani kiliadimika, kama vilivyoadimika sabuni na mafuta ya taa. Badala yake duka la ushirika likatuletea jora la nailoni, nyororo, ya rangi ya maziwa. Tuliisifu sana. Kisha mambo yakaanza. Sufi ilikuwa inairukia nailoni ile kabla haijaguswa. Ukiinua foronya, nyuzinyuzi zinasimama zenyewe kama nywele za paka aliyeona mbwa, zinainama kuelekea kwenye mkono wako, zinangoja. Wenzangu walisema uzuri wa kitambaa. Lakini kwangu haikuishia hapo. Nilimpokea Bi Chausiku mkasi, ta. Nikamgusa bega Tatu kumwomba sindano, ta, akaruka. Hakuna mwingine aliyekuwa anauma, ni mimi peke yangu. Nilianza kucheka, nikaona wao hawacheki.

Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya bati, na maneno yalipita juu yake kama popo. Jioni, nikiwa chumbani nakunja mkeka, niliwasikia jikoni. Bi Chausiku alikuwa anasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo ingesikika mpaka stesheni kwamba kila mtu anajua msufi ni mti wa nani, na kwamba sisi tumewanyang'anya majini wenyewe pamba yao, na mwenyewe mmoja amekuja kudai, na amechagua pa kupanda. Pa kupanda palikuwa mimi. Sauti nyingine ikauliza mbona mtoto wa watu mchangamfu hivyo, na Bi Chausiku akajibu kwamba ndivyo hasa, mchangamfu mno. Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria. Kisha Bi Mwanaidi akasema tutasoma, tuone.

Akaitwa maalimu wa chuo cha Kurani, ikasomwa Yasini. Bi Mwanaidi alichota maji kwenye bakuli, akatia marashi, akanyunyizia chumba kizima, sakafu, mikeka, mpaka marobota ya sufi. Akaamuru mtu yeyote asiingie na viatu mle ndani, chumba kimeshasomewa. Nikaviacha vyangu kizingitini, vimepangana na kandambili za wengine kama bibi harusi kati ya wapishi. Na kweli, kimya. Nilimgusa Bi Chausiku makusudi, hakuna. Nilifurahi mpaka nikaimba. Lakini jua lilikausha yale maji, siku zikapita, woga ukapungua, na mguu wangu ukachomwa na ganda la kokwa. Nikaomba ruhusa nivae viatu, nikapewa. Nikaketi kwenye kigoda changu, nikaanza kujaza, mkono mzima ndani ya nailoni, ndani nje, ndani nje, nikiwapangia marubani wangu. Tatu akaingia na Zuwena analia. Nikanyoosha mkono.

Hiyo ndiyo ta niliyoanza nayo.

Safari hii hakuna aliyenong'ona. Bi Chausiku alisema wazi kwamba jini linalorudi baada ya Yasini ni kaidi, halitaki maji, linataka kwenda kwao. Tatu aliacha kuniita. Akipita na mtoto alimhamishia bega la pili. Zuwena alinitazama kutoka kule bega la mbali, akitabasamu kwa ufizi mtupu, na nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba kujifuta macho kwa upindo wa khanga. Bi Mwanaidi aliniita chumbani kwake, akanikalisha kitandani, akanishika mkono. Jambo hilo silisahau, kwamba alinishika mkono wakati wengine walikuwa wananikwepa. Aliniambia Ijumaa baada ya sala atanirudisha Kurui mwenyewe, taratibu, bila matangazo. Hakutaja Kibaha. Hakuwa na haja. Msichana aliyerudishwa kwao kwa jini linalouma watoto, nani atampa kituo cha watoto?

Siku moja kabla ya Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya kisomo. Mwalimu Luhende alifundisha watoto asubuhi, na alasiri akawafundisha watu wazima kusoma na kuandika, barazani kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa Mnyamwezi, mrefu, shati moja la drili miaka yote. Na kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, mtu yule alikuwa na ruhusa ambayo mwalimu mwingine asingekuwa nayo. Aliwahi kuchukua kuku wa Bi Mwanaidi mchana kweupe, akampitisha mbele yake akisema anakwenda kumfundisha kusoma, na Bi Mwanaidi akacheka. Mwalimu mwingine angekuja akasema mambo ya majini ni ujinga, wangemwitikia ndiyo Ndugu Mwalimu, na Ijumaa ningeondoka vile vile. Mtani haelezi kwanza. Mtani anakutukana kwanza, ukishacheka anakuwa ameshaingia ndani.

Aliona mkeka wangu umefungwa kamba, akauliza. Bi Chausiku akamweleza kwa mikono na macho. Luhende akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wazaramo nyinyi," akasema, "watu wana majini ya kuleta mvua, nyinyi mmepata la kuuma kama siafu. Hebu nionyesheni hilo balaa."

Akataka niketi kwenye kigoda nifanye kazi kama kila siku, na viatu vyangu. Akina mama wakasimama mlangoni, Bi Mwanaidi mbele. Nilijaza mto. Kisha akaniletea kidole chake, nami nikamletea changu, ta. Hakuruka. Alikinyonya kile kidole akasema jini limemwamkia, lina adabu kuliko Bi Chausiku. Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Akaniambia nivue viatu, nikanyage udongo, nijaze tena. Akaleta kidole. Kimya. Akaleta kidole tena, kimya. Hapo akafanya jambo ambalo nikilikumbuka nacheka peke yangu njiani. Alichukua viatu vyangu vyeupe, akaingiza vidole vyake virefu vya miguu, visigino vikabaki vinaning'inia nje kwa nyuma, akaketi kwenye kigoda changu magoti yamefika kidevuni, akaanza kujaza mto na kupanga marubani. Alipomaliza akainuka, akachechemea mpaka mlangoni, akamgusa Bi Chausiku kwenye mkono.

Ta.

Bi Chausiku alijishika mkono akatuangalia sote. "Limehamia kwake," akasema.

"Basi Ijumaa nirudisheni Tabora," akasema Luhende, "na nauli mtoe nyinyi."

Walicheka mpaka wakaketi chini. Na walipokuwa wameketi, ndipo alipoeleza. Sikuelewa yote siku ile, lakini maneno yake ninayo. Alisema kila kitu, mti, nguo, mtu, kuku wa Bi Mwanaidi, kina ndani yake chaji za aina mbili, na kwa kawaida zimelingana, zimetulia kama mizani iliyosawazika, ndiyo maana hatuzisikii. Vitu viwili vikisuguana, chaji kidogo hutoka hapa ikahamia pale. Sasa kimoja kimezidi, kingine kimepungukiwa, na vinatafutana. Vilivyofanana hukimbiana, vilivyotofautiana huvutana, kama Mnyamwezi na Mzaramo. Na kile kitu chenye chaji hakingoji kuguswa: pembeni yake pana eneo ambalo nguvu yake inafika. Ndiyo maana sufi inasimama kabla ya mkono, kama nyinyi mnavyosimama kabla ya pilau, harufu imewafikia sahani bado iko jikoni. Sogea karibu, inazidi. Nenda mbali, inafifia.

Bi Mwanaidi akaninyooshea kidole, akauliza mbona kwa Hawa tu. Luhende akasema wote tunasugua, wote tunapata. Ila kuna vitu vinavyoipitisha chaji na vitu vinavyoizuia. Chuma kinapitisha. Mwili wa mtu unapitisha, na udongo unapitisha, hata huu unaoonekana mkavu una unyevu kidogo. Wenzangu waliokaa chini ilikuwa inawatoka kimya kimya kwenda ardhini bila wao kujua. Plastiki haipitishi, wala ule mti mkavu wa kigoda, wala vile vikombe vinavyoshika waya wa simu kule stesheni. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya mlango uliofungwa, nimevaa mlango uliofungwa, chaji inajaa haina pa kutokea, mpaka mtu aninyooshee mkono. Basi inatoka yote kwa mara moja kwa huyo huyo ninayemgusa. Nakumbuka alimalizia kwa upole kwamba kwa hiyo mtoto huyu hana kitu ambacho nyinyi hamna.

Nilidhani Bi Mwanaidi ameudhika, kwa sababu ya Yasini na maji yake. Luhende naye nadhani aliliona hilo, maana akageuka akamwambia maji yake yalifanya kazi kweli, hewa kavu ndiyo iliyokuwa inaibana chaji, na yeye aliifungulia njia kwa bakuli lake, na tena kwa kuwavua watu viatu.

"Najua yalifanya kazi," Bi Mwanaidi akasema. "Si nilinyunyizia mwenyewe."

Kisha akafanya alivyokuwa anafanya akionja mchuzi, hakuuamini mpaka ufike kwenye ulimi wake. Akaniambia nivae viatu, nijaze mto mpaka aseme basi. Nikajaza. Akaniambia niguse nondo ya dirisha. Nikagusa, ta, ikalia kwenye chuma. Akaniletea mkono wake wenyewe, akaushika wangu, akausubiri. Hakuna kitu. Akanigeuza kiganja juu na chini kama anayechagua nyanya. Halafu, bila kumtazama, akamwambia Tatu, "Mpe mtoto."

Tatu hakusogea. Simlaumu hata leo. Mama ni mama, na sikio lilikuwa la mwanawe. Aliniangalia usoni kwa muda, kisha akaniangalia miguuni. Nikaelewa. Nikavivua vile viatu, nikavisukuma mpaka ukutani, nikarudi tena dirishani nikashika nondo kwa mikono yote miwili, nikaishikilia, mpaka nikamsikia nyuma yangu anakuja. Zuwena akatua kifuani kwangu. Akanishika pua. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, na kilichosikika ni mtoto anapumua.

"Mwambie mito ya leo ya nani," Tatu akasema.

Mkeka ulifunguliwa kamba jioni ile ile. Kuanzia hapo Bi Mwanaidi akaweka sheria mbili kwenye kazi ya sufi, na hakuna mtu aliyethubutu kuzivunja: maji yanyunyizwe asubuhi, na anayetaka kumshika mtoto aguse chuma kwanza. Marashi hakuyaacha. Bi Chausiku aliendelea kuniita jini, lakini sasa kwa mapenzi, na mvua za vuli zilipoanza na hewa ikalowa, sufi ikalala chini kama pamba ya kawaida, alisema jini limekwenda likizo. Siku akina mama walipokaa kutaja msichana wa kwenda Kibaha, jina langu lilitolewa na Tatu. Bi Mwanaidi aliitikia tu kwa kichwa, akaendelea kuchambua. Nimelea watoto wa watu maisha yangu yote, Kibaha kwanza, kisha Kisarawe, na kila asubuhi kabla sijapokea mtoto mlangoni nimegusa bawaba. Wasaidizi wangu wengi walidhani ni dua. Sikuwakatalia sana. Watu walionifundisha jambo lile walikuwa wawili, mmoja na bakuli la maji, mmoja na viatu visivyomtosha, na sijawahi kuona sababu ya kumshukuru mmoja nimwache mwingine.

Arobaini ilisomwa vizuri. Nyumba imejengwa upya, ina dari sasa, maneno hayapiti tena. Baada ya dua watu walitoka uani kula, nikasikia Zuwena akigawa sahani kwa sauti ile ile ya bibi yake. Mimi niliingia kupumzika kwenye chumba kilichokuwa cha sufi. Kuna zulia nene, na kitandani, chini ya blanketi la manyoya, alikuwa amelala mjukuu wa Zuwena, msichana, ambaye hata jina lake nilikuwa bado sijalishika. Miguu yangu siku hizi inaona baridi hata mchana, kwa hiyo nilikuwa na soksi za nailoni. Nilizunguka nikitazama kuta. Mtoto akaamka, akakunja uso, akaanza kile kilio cha kutafuta mtu.

Nje walikuwa wanacheka, hawakusikia. Nilikatisha zulia mpaka dirishani, nikanyoosha kidole kwenye nondo. Ta. Nikaweka kiganja kizima juu ya chuma kile, nikakiacha kidogo. Kisha nikamwinua.